Karatasi ya maabara asifichwe mgonjwa



Mwezi uliopita, baada ya darsa la jioni, mwanafunzi wangu wa zamani alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Mkononi ana bahasha ya hospitali. Baba yake alikuwa amepasuliwa na kutolewa uvimbe kwenye ini, na nyama iliyotolewa ikapelekwa maabara. Majibu yalisema ni kansa ya ini, na chini yake kuna mistari michache ya herufi na asilimia. Daktari alimweleza kijana kuwa mistari ile inasaidia kukadiria mgonjwa anaweza kuishi muda gani na kama kansa itarudi. Ami zake wakakaa kikao, wakaamua mawili: mzee asiambiwe, na karatasi ichanwe, kwa kuwa kukadiria umri wa mtu ni kuingilia mambo ya ghaibu.

"Ustadh," akaniuliza, "tukiisoma tunapata dhambi?"

Nilimwambia hapana, na nataka nieleze kwa nini, maana najua si nyumba moja tu inayofanya hivi.

Ajali ya mja anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Katika hilo hatuna ubishi na ami zake. Lakini daktari hakudai kuijua. Tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Nyama ya ini hulowekwa kwenye dawa iitwayo fomalini, huwekwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu anaangalia chembe zimebadilika kiasi gani na kama zimeingia kwenye mishipa midogo ya damu. Zikiwa zimeingia, hatari ya kansa kurudi ni kubwa zaidi. Anaweza pia kutafuta protini fulani. Ipo inayoitwa Ki-67, ambayo huonekana katika chembe zinazogawanyika. Asilimia yake ikiwa juu, uvimbe ulikuwa unakua kwa kasi. Ipo nyingine, keratini 19, ambayo ikionekana ndani ya kansa ya ini mara nyingi huashiria kansa kali, yenye kurudi mapema. Alama hizi zimelinganishwa na yaliyowapata wagonjwa waliotangulia. Ni hesabu ya watu wengi. Ukiambiwa nusu ya wagonjwa wa aina hii waliishi zaidi ya miaka mitatu, mgonjwa wako anaweza kuwa katika nusu hii au ile, na karatasi haisemi ni ipi. Mkulima anayetazama mawingu akaanika mahindi yake kesho badala ya leo, nani amewahi kumwambia amedai ghaibu?

Katika elimu hii kuna jambo moja lililonishangaza nilipolisoma. Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza tishu za wagonjwa 307 wa kansa ya ini, nyingine zikiwa zimehifadhiwa kwenye nta kwa zaidi ya miaka 20. Walisoma jeni zinavyofanya kazi katika uvimbe, wakasoma pia katika ini lililokuwa pembeni mwa uvimbe. Ule uvimbe haukuwapa jibu la kuaminika kuhusu nani ataishi muda mrefu. Jibu lilitoka kwenye nyama ya pembeni. Sababu yake inaeleweka. Kansa ya ini kwa kawaida huota katika ini lililokwisha kuumia miaka mingi, likajaa makovu. Ukiukata uvimbe, ini lile lile linabaki, na baada ya miaka kadhaa linaweza kuotesha uvimbe mwingine mpya.

Basi fikirini: ini la huyu mzee liliumizwa na nini? Katika karatasi yake ilikuwemo pia homa ya ini aina ya B. Virusi hivi vina dawa inayovituliza, na kuvituliza baada ya upasuaji hupunguza uwezekano wa kansa kurudi. Mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake atameza vidonge kila siku kwa sababu gani? Atakubali vipi kurudi hospitali kupigwa picha kila baada ya miezi michache, na yeye ameambiwa ni vidonda vya tumbo?

Na virusi hivi haviishii kwa mtu mmoja. Mama humwambukiza mtoto anapojifungua, na watoto wadogo huambukizana majumbani. Hapa Uganda chanjo yake iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Wakubwa wa nyumba ile wamezaliwa kabla ya hapo. Karatasi waliyotaka kuichana ilikuwa inawaita wao wakapime.

Niseme pia, ili nisieleweke vibaya, kwamba wagonjwa wengi wa kansa hii katika nchi zetu hufika wakiwa wamechelewa, hawapasuliwi, na hakuna tishu ya kusoma. Mara nyingi picha na kipimo cha damu vinatosha kuitambua, na kuchoma sindano kwenye ini kuna hatari yake ya kutokwa damu. Kwa hiyo sisemi kila mtu akadai kipimo hiki. Nasema kikishafanyika, majibu ni ya mgonjwa.

Yamenifika mwenyewe. Marehemu baba yangu mkubwa alifichwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomficha. Tulidhani tunamhurumia. Alifanya biashara ya ngozi na alikuwa na madeni ambayo hayakuandikwa popote, mengine ya kulipa na mengine ya kulipwa. Miezi mitano alilala akingojea kupona, akiahidi atakwenda kuonana na mtu fulani "nikipata nguvu". Hakuandika wasia. Baada ya mazishi walikuja watu watatu kudai, na hadi leo hatujui kama wote walisema kweli, wala hatujui walipo waliokuwa wanadaiwa na yeye. Mjane wake aliuza kiwanja.

Kijana nilimshauri aende na ami yake mmoja, yule mpole, wakae na mzee asubuhi akiwa hajachoka, wamsomee kwanza kile kinachoweza kutibiwa, kisha waache aulize mwenyewe. Akitaka kujua muda, aambiwe alivyosema daktari, na asipotaka asilazimishwe.

Alinipigia simu siku ya tatu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba miwani, akaishika karatasi mwenyewe. Hakuuliza miezi wala miaka. Aliuliza kama wanawe wote saba wamepimwa, na alipoambiwa hapana, akataja kwa jina ni nani aanze.