Ajira za Ujerumani Hazikuibwa na Wageni

Imani iliyoenea Ujerumani, kwenye majukwaa ya siasa na hata kwenye mageti ya viwanda, ni kwamba kampuni za vipuri kutoka nje, hasa za China, ndizo zinazowapokonya mafundi wa nchi hiyo kazi za magari. Imani hiyo ni potofu, na ina madhara: inawafanya wafanyakazi wamkasirikie asiyehusika, huku wahusika wakiachwa bila kuulizwa.

Kwanza, gari lenyewe limebadilika. Gari la dizeli au petroli linahitaji pistoni, injekta, tangi la mafuta na ekzosi. Gari la umeme halihitaji hata kimoja kati ya hivyo, na sehemu kubwa ya thamani yake imo kwenye betri. Wakati huohuo, uzalishaji umeshuka. Mwaka 2017 viwanda vya Ujerumani viliunda magari zaidi ya milioni 5.6, mwaka 2024 yalikuwa takriban milioni 4.1. Pengo hilo lingetosha kuwatikisa watengenezaji wa vipuri hata kama hakuna mgeni aliyebisha hodi.

Pili, yapo maamuzi ya wenyeji. Mwaka 2018 kampuni ya vipuri ya Bosch ilikataa kujitengenezea seli za betri, ikieleza kuwa mradi huo ungehitaji takriban euro bilioni 20. Kampuni nyingine ya vipuri, ZF ya Friedrichshafen, ambayo mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kupunguza hadi ajira 14,000 nchini humo, imelemewa na madeni yaliyotokana kwa sehemu kubwa na ununuzi wa kampuni za TRW mwaka 2015 na Wabco mwaka 2020. Desemba 2023 serikali ya Berlin ilifuta ghafla ruzuku ya wanunuzi wa magari ya umeme, na mwaka uliofuata mauzo ya magari hayo yakashuka kwa zaidi ya robo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoamuliwa Beijing.

Wageni wamefanya nini? CATL ya China ilijenga kiwanda cha seli za betri Arnstadt, jimboni Thuringia, kwa uwekezaji wa hadi euro bilioni 1.8 na lengo la ajira 2,000. Seli za kwanza zilitoka Desemba 2022. Hiyo ndiyo kazi ambayo Bosch iliikataa. Magna ya Kanada iliinunua Getrag, watengenezaji wa giaboksi wa Ujerumani, mwaka 2016. Faurecia ya Ufaransa ikachukua Hella ya Lippstadt, watengenezaji wa taa za magari, mwaka 2022. Manunuzi hayo hayakuitwa uvamizi. Kinachoogopwa, basi, si ugeni bali bendera.

Wala mlango haukuachwa wazi. Anayetaka kuwauzia vipuri watengenezaji wa magari wa Ujerumani hudaiwa cheti cha ubora cha IATF 16949, na kwa kawaida michakato yake hukaguliwa kwa kanuni za VDA 6.3, zilizotungwa na chama cha sekta hiyohiyo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni Kiekert ya Heiligenhaus, kampuni ya vitasa vya milango ya magari iliyoanzishwa mwaka 1857. Ilinunuliwa na Wachina mwaka 2012, na Septemba 2025 ikaomba kinga ya ufilisi, ikimlaumu mwenye mali kwa kutotoa fedha alizopaswa kutoa. Hilo ni kosa kubwa na halistahili kutetewa. Lakini linafundisha kwamba mnunuzi abanwe kwa mkataba na dhamana ya fedha, awe ametoka Hebei ya China, Paris au Stuttgart. Halifundishi kwamba milango ifungwe.

Ujerumani yenyewe ilitajirika kwa kujenga viwanda vya magari na vipuri Brazil, Marekani, Mexico na China. Nchi iliyonufaika hivyo haina haki ya kumwita adui anayekuja kujenga kwake. Vyama vya wafanyakazi na wabunge wadai mambo matatu kwa kila mwekezaji: mafunzo kwa vijana, utafiti unaofanyika nchini, na mikataba ya pamoja ya mishahara. Madai hayo yatalinda ajira. Chuki dhidi ya wageni haitalinda hata moja.