Maneno ya Bibi Yamemezwa na Kinanda



Mwezi uliopita niliahidi kuendelea na hesabu za mwezi mwandamo. Naomba radhi, hesabu hizo zitangoja kidogo, kwani kwa muda wa wiki tano jioni zangu zote zimekwisha katika chumba cha nyuma cha jirani yangu, mbele ya kompyuta, pamoja na vijana watano wenye hamaki na nyimbo sita za taarab zisizosikilizika.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana hawa mnawajua, kwani wengi wenu mmewasikia katika harusi zetu: mmoja hupiga kinanda, mmoja udi, mmoja fidla, mmoja dumbaki, na mmoja gitaa la besi. Bibi wa mpiga udi alikuja kutoka Unguja kumtazama mjukuu aliyejifungua. Katika ujana wake Bibi huyu aliimba, na zipo nyimbo alizozitunga mwenyewe ambazo hazijapata kurekodiwa popote. Vijana wakachanga pauni 210, wakakodi ukumbi kwa Jumamosi mbili, wakaazima maikrofoni nne, wakarekodi. Jumamosi ya pili nami nilikuwepo, nimekaa nyuma pamoja na wazee wenzangu. Kisha viza ikamalizika, Bibi akarejea kwao, na kwa hali ya miguu yake hatarajii kusafiri tena.

Walipompelekea nyimbo zile, jibu lake lilikuwa la maneno machache: "Wanangu, muziki mzuri. Sasa nani anaimba?"

Ndipo waliponijia. Nilisomesha fizikia kwa miaka 31, na sauti ni mlango mmojawapo wa somo hilo. Sikuwa fundi wa kurekodi, wala si fundi hata leo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi tangu mwanzo: kurekodi upya hakuwezekani. Kilichobaki ni zile njia sita zilizomo ndani ya kompyuta, yaani Bibi, fidla, udi na dumbaki kwa maikrofoni, na kinanda na besi kwa waya, na namna ya kuzichanganya.

Nilipowauliza walikwishajaribu nini, nikaambiwa kwamba walimpandisha Bibi. Alipopanda yeye, mpiga fidla akalalamika kuwa fidla imepotea, nayo ikapandishwa. Kisha udi. Kisha kinanda, ambacho hakikuwa kimeshuka hata siku moja. Baada ya mizunguko mitatu kila kitu kilikuwa juu kabisa, sauti imeanza kupasuka, na Bibi yuko pale pale alipokuwa. Hivi ndivyo inavyokuwa kila mtu anapokuwa hakimu wa ala yake.

Sababu ya kupotea kwake si udogo wa sauti. Sikio la mwanadamu mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, tuseme hezi 20 hadi 20,000, na sikio hilo huwa jepesi zaidi baina ya hezi 2,000 na 5,000. Humo ndimo zinamokaa sehemu kubwa ya konsonanti, zile zinazotufanya tutambue kwamba limesemwa neno "kata" na si "pata". Irabu zina nguvu zaidi na hukaa chini yake. Basi sauti mbili zikigombea eneo moja, ile yenye nguvu huifunika nyingine. Na kijana wetu wa kinanda alikuwa amechagua sauti inayoiga kundi zima la fidla, akaipiga kwa vidole vyote kumi, bila ya kupumua, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Irabu za Bibi zilipita. Konsonanti zake zilizama zote, ukabaki mlio mtamu usiokuwa na maneno. Na taarab bila ya maneno ni kitu gani?

Dawa, kwa hiyo, ilikuwa ni kupunguza. Tulirudisha njia zote chini, tukaanza na Bibi peke yake, kisha tukawaingiza wengine mmoja mmoja kama wageni wanaobisha hodi. Kinanda tulikipunguza desibeli tatu karibu na hezi 2,500, na juu ya hapo tukakishusha chote kwa desibeli nne kila pale Bibi anapoimba. Anaponyamaza, kinarudi na kutamba kama kilivyotaka. Kazi hii tuliifanya kwa mkono, mstari kwa mstari, na ilituchukua jioni tatu kwa wimbo mmoja. Kijana wa kinanda, ambaye ndiye aliyetoa fungu kubwa zaidi la zile pauni 210, aliondoka chumbani bila ya kuaga. Sikumlaumu. Jioni ya pili alirudi na sambusa, akaketi, na mkono ulioshusha kinanda katika nyimbo tano zilizobaki ulikuwa wake.

Mashaka ya pili yalikuwa chini kabisa ya sauti. Ukumbi wa kukodi una bomba za kupasha joto, una magari yapitayo nje, una miguu inayopiga sakafu, na waya za umeme wa hapa Uingereza hunguruma kwa hezi 50 na kwa mafungu yake, 100 na 150. Uchafu huu uliingia katika maikrofoni zote nne na kujumlishwa mara nne. Sasa, uzi mnene kuliko wote wa fidla hutoa takriban hezi 196. Chini ya hapo fidla haina lake, na chochote kinachosikika ni cha ukumbi. Tulikata njia ya fidla chini ya hezi 150, na ya Bibi chini ya hezi 100. Hatukupoteza noti hata moja, na besi ghafla ikapata mahali pa kukaa.

Lililonishangaza zaidi ni dumbaki. Ilikuwa inasikika kwa utusitusi, kama inayopigwa nyuma ya mlango, na kila tulivyoipandisha ndivyo ilivyozidi kuvurugika. Jioni moja nikamwambia kijana aizime njia ya dumbaki kabisa. Akaizima, na dumbaki ikaendelea kusikika! Ilikuwa imo ndani ya maikrofoni ya Bibi, kwa sababu mpigaji alikaa kiasi cha mita tatu tu kutoka kwake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya chumba. Mita tatu huichukua takriban sehemu tisa za elfu za sekunde. Kwa hiyo kila pigo lilirekodiwa mara mbili: mara katika maikrofoni yake, na mara nyingine, kwa kuchelewa kidogo, katika maikrofoni ya Bibi. Mapigo mawili yasiyolingana ndiyo yaliyotia ule utusitusi. Tulichofanya ni kuichelewesha njia ya dumbaki kwa sehemu hizo tisa, kisha kuiacha chini sana, iongeze ukali wa kidole tu. Mwili wa sauti tayari ulikuwa umeletwa na Bibi. Mtu alishauri tuizime maikrofoni ya Bibi kila anapovuta pumzi ili tuondokane na dumbaki hiyo. Tulijaribu. Dumbaki ikawa inaingia na kutoka kama mtoto anayechezea swichi ya taa, tukaacha mara moja.

Nami nilikosea. Kwa pupa ya kutaka konsonanti zisikike, nilimwongezea Bibi ukali karibu na hezi 6,000, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi kila "s" yake ilifyonza kama chai ya moto. Tukaurudisha. Mwangwi nao tuliuondoa wote waliouongeza vijana, ambao ulimfanya Bibi aonekane anaimba ndani ya birika. Ukumbi ulikuwa na mwangwi wake wa asili na ulitosha. Udi tukausogeza upande wa kushoto, fidla kulia, na Bibi, besi na dumbaki wakabaki katikati.

Makosa mengi ya aina hii hutokana na spika za masikioni, usiku, kwa sauti kubwa. Sauti ikiwa kubwa, sikio husikia vizuri hata mngurumo wa chini na mlio mwembamba wa juu. Ikishushwa, hivyo viwili hupungua zaidi kuliko sauti za kati. Mchanganyo unaovutia kwa kishindo huweza kufifia ukisikilizwa kwa upole. Niliweka sharti: tusikilize kwa sauti ndogo, kiasi cha kuweza kuzungumza juu yake bila ya kunyanyua koo, kisha tutoke na kusikilizia mlangoni. Baada ya hapo simu, iliyolazwa mezani. Kispika cha simu hakina uwezo wa kutoa besi ya kweli, na huko Unguja Bibi hana chombo kingine. Kijana wa besi alihuzunika kugundua kwamba kwenye simu hayumo kabisa, hadi tulipompa ukali kidogo karibu na hezi 700, ambako hata kispika kidogo humfikia.

Niliwakumbusha pia safari ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wakati ule hapakuwa na njia sita za kurekebishwa baadaye. Sauti iliingia moja kwa moja katika santuri, na mizani ilipatikana kwa kuwapanga watu: nani akae karibu, nani arudi nyuma. Lau mpiga dumbaki wetu angesogezwa hatua nne Jumamosi ile ya kwanza, mimi ningekuwa nimekwishawaandikia habari za mwezi mwandamo.

Najua katika jumuiya yetu wamo wasioridhia ala, na sikusudii kuufungua mlango huo hapa. Lakini wazee wa madrasa waliolalamika kwamba kasida za watoto haziwekeki wazi katika rekodi kwa sababu ya matari wapate kujua kwamba ugonjwa wao ni huu huu, na hiyo hatua nne ni bure.

Mwisho tuliacha nafasi ndogo juu, hatukuisukuma sauti hadi ukingoni, tukahifadhi mafaili makubwa yasiyobanwa, na Bibi tukampelekea kwa WhatsApp kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, ili yasiminywe njiani.

Siku ya tatu likaja jibu. Vijana walizima hata feni ya kompyuta wapate kusikia.

"Sasa najisikia," alisema Bibi. "Maneno yangu yote yapo, Mungu awabariki. Lakini ule ubeti wa tatu, nani aliyekuwa akikohoa? Na kwa nini hamkumpa maji?"

Aliyekohoa ni mimi. Kikohozi kimo ndani ya maikrofoni yake, pamoja na dumbaki, na tumejaribu kila njia: hakitoki.