Mwanafunzi Myahudi anayeitetea Israel asaidiwe, asitumiwe

Oktoba 7, 2023 Hamas ilishambulia kusini mwa Israel, ikaua watu wapatao 1,200, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo, na ikateka wengine 251. Israel ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Tangu hapo vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa uwanja wa mapambano, na habari zilizotufikia ni za mahema ya waandamanaji katika Chuo Kikuu cha Columbia, polisi na marais wa vyuo waliong'oka madarakani. Hatukusikia sana habari za mwanafunzi wa Kiyahudi wa miaka 19 au 20 anayeamini kuwa Israel ina haki ya kuwapo, anayetaka kulisema hilo hadharani, na asiyejua amkimbilie nani. Kijana huyo anastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, msaada utakaomfaa ni ule unaomwacha aseme kwa sauti yake mwenyewe, chini ya kanuni zilezile zinazomlinda mwenzake wa Kipalestina.

Wapo watakaosema hahitaji msaada wowote, kwa kuwa Israel ina jeshi imara na marafiki wakubwa Washington. Lakini ndege za kivita haziingii bwenini wala kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi. Februari 2015, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwanafunzi aliyependekezwa kuwa mjumbe wa bodi ya mahakama ya serikali ya wanafunzi aliulizwa atawezaje kutenda haki ilhali ni Myahudi anayeshiriki shughuli za jamii yake. Alithibitishwa baada ya mjadala mrefu, pale mshauri wa chuo alipowakumbusha wajumbe kwamba kuwa Myahudi si mgongano wa maslahi. Agosti 2020, makamu wa rais wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California alijiuzulu, akieleza kuwa ameandamwa kwa sababu ya Uzayuni wake, yaani kuiunga mkono Israel kama taifa la Wayahudi. Matukio yote mawili yalitangulia vita vya Gaza vilivyoanza 2023, kwa hiyo vita hivyo haviwezi kutajwa kuwa chanzo chake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na msaada wa kwanza hutoka kwa wenzake walio karibu. Hillel, shirika la wanafunzi wa Kiyahudi lililoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, leo lina matawi katika mamia ya vyuo. Chabad, harakati ya kidini ya Kiyahudi, ilifungua nyumba yake ya kwanza ya wanafunzi Los Angeles mwaka 1969. Huko kijana hula chakula cha Sabato Ijumaa jioni na wenzake, na anajua kuwa hayuko peke yake kabla hajasimama kwenye mdahalo wowote. Kosa huanza pale nyumba hizo zinapodai kauli moja. Utafiti wa Pew wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya Wayahudi watu wazima wa Marekani waliona kuijali Israel ni sehemu ya lazima ya Uyahudi wao, na asilimia 37 wakaona ni jambo muhimu ingawa si la lazima. Lakini ni takriban theluthi moja tu walioamini kwamba serikali ya Israel ilikuwa ikitafuta amani kwa dhati. Kumtaka kijana aitetee kila hatua ya Benjamin Netanyahu ni kumnyang'anya hoja yake bora, yaani kwamba mtu anaweza kuipenda nchi na bado akaikosoa serikali yake.

Msaada wa pili ni kanuni. Mwaka 1972, katika kesi ya Healy dhidi ya James, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kukinyima kikundi cha wanafunzi usajili kwa sababu tu hakipendi mawazo yake. Mwaka 2000 ikaamua kwamba ada za shughuli za wanafunzi zigawiwe bila kubagua mitazamo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 nayo inavizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuvumilia ubaguzi wa asili, na ulinzi huo unawahusu Wayahudi kama unavyowahusu Waarabu. Nguvu ya kanuni hizi ni kwamba hazina upande: anayezitumia leo kulinda kikundi cha kuitetea Israel anajua kesho zitakilinda kikundi cha kuitetea Palestina.

Ndiyo maana msaada wa mabavu una hasara. Machi 2025 serikali ya Donald Trump ilifuta ruzuku na mikataba ya Columbia ya takriban dola milioni 400 kwa madai kwamba chuo hicho hakikuwalinda Wayahudi. Mwezi huohuo maofisa wa uhamiaji walimkamata Mahmoud Khalil, kiongozi wa waandamanaji wa Columbia waliowatetea Wapalestina, aliyekuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Mtafiti aliyekosa fedha za maabara hatamchukia Trump peke yake. Atamtazama kwa jicho baya pia mwanafunzi Myahudi ambaye jina lake lilitumiwa bila kuulizwa. Na Mkenya au Mtanzania anayesoma huko kwa viza anajifunza kuwa maoni yanaweza kumfukuzisha nchini.

Hoja nzito kuliko zote ni ya Gaza: kwamba kumsaidia anayeitetea Israel ni kuyafumbia macho maiti za watoto. Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, na kijana asiyeweza kuitaja huzuni ya Gaza hatamshawishi mtu yeyote. Lakini kumnyamazisha hakuokoi mtoto hata mmoja huko Khan Younis, Gaza. Kunaondoa tu mtu ambaye angeweza kuulizwa maswali magumu na kulazimika kuyajibu. Mwaka 2025 Harvard ilitoa ripoti mbili kwa pamoja, moja kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi na Waisraeli, nyingine kuhusu chuki dhidi ya Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Zote mbili zilikuta wanafunzi wanaoogopa kusema. Viongozi wa vyuo, wazazi na wafadhili wanaotaka kumsaidia kijana wa Kiyahudi waanzie kwenye hofu hiyo, na waiondoe kwa pande zote mbili.