Nchi Isiyo na Mwenyewe

Wengi wetu, tuulizwapo darasani kwa nini Wajapani walihamia ng'ambo, hujibu upesi: "Nchi yao ni ndogo na watu ni wengi." Jibu hili lina ukweli, lakini kwa maoni yangu halitoshi. Yafaa tutazame mahali walipoanzia.

Walianzia karibu na kwao. Mwaka 1869 serikali ya Mfalme Meiji ilikitwaa kisiwa cha kaskazini kilichoitwa Ezo, ikakipa jina la Hokkaido. Wakulima maskini walipelekwa huko, pamoja na samurai, yaani askari wa kale waliokuwa wamepoteza vyeo vyao. Waliambiwa kuwa ardhi haina mwenyewe. Kumbe Waainu walikuwa wakiishi humo tangu zamani, wakiwinda na kuvua. Polepole walikatazwa kuvua samaki katika mito yao wenyewe, na sheria ya mwaka 1899 ikawataka wawe wakulima, ikiwagawia vipande vya nchi iliyokuwa yao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997 tu.

Sisemi kwamba kila mhamiaji alikuwa mnyang'anyi. Waliokwenda Hawaii kwa mkataba tangu 1885, na wale 781 waliofika Brazili kwa meli Kasato Maru mwaka 1908, walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa na ya kahawa, na wengi walipata taabu kubwa. Lakini palipokuwa na bunduki nyuma ya jembe, mambo ya Hokkaido yalirudi. Baada ya kuiteka Manchuria, serikali ya Japani iliazimu mwaka 1936 kupeleka huko familia milioni moja katika miaka 20. Mashamba mengi waliyopewa yalikuwa ya Wachina, waliolazimishwa kuyauza kwa bei duni. Warusi walipoingia Manchuria mwaka 1945, jeshi la Japani liliwaacha wahamiaji hao nyuma, wakafa kwa maelfu. Uongo uliomponza mwenyeji ukamponza na mgeni.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huko mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Basi tusomapo habari za walowezi wa nchi yo yote, tusiulize tu kwa nini walihama. Tuulize pia: walipofika, walimkuta nani?