Funguo Mbili katika Sanduku Moja?

Wapo walimu wanaoona kwamba akaunti ya mchezo wa kompyuta si mali, na kwamba kijana aliyenyang'anywa akaunti hiyo hakuibiwa kitu. Siafikiani nao. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la michezo liitwalo Steam, ilieleza kuwa akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa kila mwezi. Wezi hawajisumbui kiasi hicho kwa kitu kisicho na thamani.

Kinga iliyoenea ni uthibitisho wa hatua mbili: baada ya neno la siri, mchezaji hutakiwa kutoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30. Wanafunzi wengi hudhani kwamba tarakimu hizo huletwa na mtandao. Sivyo. Siku ya kwanza simu na kompyuta ya wenye mchezo hupeana siri moja ndefu, aghalabu kwa kupiga picha mchoro wa miraba. Tangu hapo kila upande huhesabu peke yake: huchukua sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, huzigawanya kwa 30, huacha baki, kisha huchanganya jibu na ile siri kwa kanuni isiyoweza kurudishwa nyuma. Kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 2011 kwa jina la RFC 6238. Ndiyo sababu simu isiyo na mtandao bado hutoa tarakimu sahihi, na simu ambayo saa yake imepotoka hukataliwa. (Steam wao hutoa herufi na tarakimu tano, ila msingi ni ule ule.)

Sasa programu za kutunzia maneno ya siri zinaweza kuhifadhi siri hiyo ya pili pia. Je, yafaa? Wengi hujibu kwamba haifai, kwa kuwa atakayelifungua sanduku atakuta funguo zote mbili. Hoja hiyo ni ya kweli. Walakini tumtazame mwanafunzi mwenye simu moja tu. Akitenga siri hizo katika programu mbili, amejikinga na mwizi wa mbali aliyelipata neno kuu la sanduku. Hajajikinga na mtu aliyeishika simu yake ikiwa wazi. Kwa akaunti ya mchezo, mimi naona sanduku moja linatosha, na ni bora mara nyingi kuliko neno moja la siri linalotumika katika michezo kumi bila hatua ya pili.

Tena sanduku lina faida isiyosemwa sana. Tovuti ya uongo inaweza kumhadaa kijana akaandika mwenyewe neno lake na tarakimu zake sita, na mwizi akazitumia papo hapo. Programu haitazami sura ya tovuti, hutazama anwani. Anwani isipolingana, haijazi kitu. Kijana anayeona programu yake imenyamaza, kisha akanakili neno lake kwa mkono, amejiondolea kinga hiyo mwenyewe.

Mambo mawili, hata hivyo, yasiingie humo. Ufunguo wa pili wa barua pepe ukae kwingine, kwa maana barua pepe ndiyo inayotumika kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine zote. Na ufunguo wa pili wa sanduku lenyewe hauwezi kufungiwa ndani ya sanduku.

Mpwa wangu aliangusha simu yake majini. Neno la siri alilikumbuka. Tarakimu hakuwa nazo, na zile namba za dharura alizopewa siku ya kwanza alikuwa amezipiga picha kwa simu ile ile. Alikaa majuma matatu akiandikiana na wenye mchezo kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Sasa namba zake zimeandikwa kwa kalamu ya wino, na karatasi anayo mama yake, pamoja na cheti cha kuzaliwa.