Vina visiwafukuze watoto

Hapa Discovery Gardens, Dubai, watoto wetu wanasomeshwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinabaki cha sebuleni. Akitokea mmoja akaandika shairi kwa lugha ya mama yake, sisi wakubwa tunakimbilia kuhesabu mizani: nane kwa nane iko wapi? Vina je? Hili si shairi, tunamwambia. Tangu siku hiyo hatuletei lingine.

Mzozo huu tunaujua tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Lakini Wachina walishaupitia. Mwaka 1917 Hu Shi aliwataka waandishi waiache lugha ya kale, waandike kwa lugha inayosemwa na watu. Minyororo ikakatika, na mengi yaliyofuata, tuseme kweli, yalikuwa insha zilizokatwa mistari. Ndipo mwaka 1926 Wen Yiduo akasema shairi jipya linataka uzuri wa namna tatu: wa muziki, wa uchoraji na wa ujenzi, yaani sauti, taswira na umbo. Hakudai umbo la kale lirudi. Alitaka kila shairi lijipatie umbo linalolifaa.

Kipimo hicho tungekitumia nyumbani. Kabla ya kudai vina, tumuulize mtoto: tunaona nini hapa? Ukilisoma kwa sauti linasikikaje? Mbona mstari umeukata hapa? Mizani tutamfundisha, tena tunaipenda (nani asiyejua utamu wa Shaaban Robert?), ila baadaye, akishaona kwamba tunamsikiliza.