Jiwe la Mizani si la Kupimia Tu

Juzi nilikuwa soko la Rodi Kopany, huko Homa Bay, nikamwona mchukuzi akitwaa gunia la mahindi na kulitia begani mara moja. Mimi, mtu wa Pwani, mzoevu wa baraza na kahawa, nilikuwa nikihema kwa kikapu tu. Niliona haya.

Mijini siku hizi vijana hutoa fedha ili wainue ketibeli, tufe la chuma lenye mkono. Wengi hulidhani ni jambo jipya la Marekani. Sivyo. Asili yake ni Urusi, ambako lilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka. Uzito wake pudi moja, yaani kilo 16 na kitu. Watu wakashindana kuliinua, hata mwaka 1985 Muungano wa Sovieti ukaufanyia mchezo huo mashindano ya taifa. Kulipembeza hutumikisha nyonga, mgongo na viganja kwa pamoja, na moyo nao hufanya kazi.

Rai yangu, ndugu zangu: tusidhani kuinua uzito ni kazi ya hamali peke yake. Mwili ni amana. Asiye na chuma na ainue ndoo ya maji, aanze na nyepesi, mgongo umenyooka. Baraza haitakimbia.